Jibu: Silverado 5.3 yenye kemshafti mpya, uanzie wapi kwenye jedwali la mafuta

Ndugu, kwenye Silverado yako, pikapu ya Chevrolet yenye injini ya lita 5.3, umebadilisha kemshafti (shafti inayofungua vali) na injekta (vinyunyizio vya petroli), sasa unauliza jedwali la mafuta lililo kwenye kompyuta ya injini uanze kuligusa wapi. Anza na injekta. Ingiza kwanza takwimu zake sahihi kutoka kwa mtengenezaji. Zikikosewa, kila utakachorekebisha baadaye kitakuwa kinafunika kosa hilo.

Kisha funga sensa ya oksijeni ya masafa mapana, maana ile ya kiwandani inasoma vizuri karibu na lambda 1 tu, yaani pale hewa inapotosha kuunguza petroli yote bila kubaki. Kagua ekzosi isivuje kabla ya sensa! Hewa ikipenya hapo sensa itakuonyesha kimakosa mchanganyiko mwembamba (hewa nyingi, petroli kidogo), nawe utamwaga petroli bure.

Zima kwa muda MAF (sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini) na masahihisho ya petroli ambayo kompyuta hufanya yenyewe, endesha taratibu huku ukirekodi. Uliagiza lambda 1.00 ukapata 1.08? Zidisha seli hiyo (kisanduku cha jedwali) kwa 1.08. Seli uliyoipitia kwa kufumba na kufumbua usiiamini, ilainishe tu ilingane na jirani zake.

Kukanyaga mafuta hadi mwisho kusubiri kwanza. Ukifika huko, lenga lambda 0.85 hivi na ufuatilie noki, yaani mlipuko usio wa kawaida ndani ya silinda. Laptopu ashike mwenzako, tafadhali. Wewe tazama barabara.