Wasomaji Wanauliza: Namba Zinazogoma Mkononi

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mwanza mjini na vijiji vya kando ya ziwa, na karibu zote zina kilio kimoja: mtoto anahesabu kwa mdomo bila kukwama, lakini ukimpa penseli mkono unagoma. Tumechagua tano.

Nina watoto 94 katika chumba kimoja, na wenye daftari hawafiki nusu. Kwa kuwa huku mchanga ni bwerere, nilijaza mabeseni nikawaambia waandike namba kwa kidole. Ikawa vurugu tupu. Wengine walichimba, wengine wakarushiana, na namba zenyewe hazikuonekana. Nilikosea wapi?
*Mwalimu wa awali, Kayenze*

Mwalimu, kosa ni kina cha mchanga, na pengine unyevu wake. Mchanga ukizidi sentimita mbili kidole kinazama, kingo zinaporomoka na kuziba alama. Mtoto haoni alichoandika, na rundo la mchanga mbele ya mtoto wa miaka mitano ni la kuchimba tu. Kina kinachofaa ni sentimita moja, kidole kiguse chini na kuacha njia safi.

Achana na mabeseni. Kata katoni ibaki na ukingo wa sentimita 4, upana sentimita 30 na urefu 40. Sakafu yake ipake rangi nyeusi au ibandike karatasi iliyokoza, kwa sababu mchanga wa ziwa ni mweupe na bila weusi chini yake njia ya kidole haionekani. Katoni moja hula lita moja na robo hivi. Katoni nane zinatosheka na nusu ya ndoo ya lita 20.

Mchanga achote mtu mzima, mahali maji yasipofika. Usiwatume watoto ufukweni, kwani kichocho humwingia mtu kupitia ngozi akiwa ndani ya maji. Uchekeche kwa chekecheke la unga, usitumie chandarua chakavu maana vyandarua vina dawa. Toa vipande vya makombe ya konokono, vinakata. Kisha uanike kwenye turubai siku nzima ya jua kali, ukiugeuza mara tatu au nne. Ukiushika ukatiririka vidoleni, umekauka. Ukiganda kama chumvi wakati wa masika, urudishe juani. Usiku zifunike katoni zote, paka wasije wakazifanya choo.

Sasa hao 94. Wagawe makundi sita ya watoto 15 au 16, na kila siku makundi mawili tu ndiyo yakae nawe kwenye mchanga, dakika 10 kila moja. Kwa siku tatu utakuwa umeuona mkono wa kila mtoto. Makundi mengine yape kazi isiyohitaji jicho lako: kufinyanga namba kwa udongo, au kupanga vizibo vya soda kwenye trei za mayai kulingana na namba uliyoiandika ubaoni. Vizibo vigongwe kwanza kwa nyundo visiwakate. Maharage na punje za mahindi hatuzishauri kwa umri huu, huishia puani na masikioni.

Kwenye mchanga wakae wawiliwawili. Mmoja aandike, mwenzake atazame kidole kimeanzia wapi na kimeelekea wapi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na tunakusihi uishikilie kuliko yote tuliyoyasema: tazama mkono unavyokwenda, usisubiri kusahihisha namba iliyokwisha. Namba 5 ya kupendeza inaweza kuwa imeumbwa kutoka chini kwenda juu, na huwezi kulijua hilo kwa kuangalia daftari. Mtoto huyo akifika darasa la pili, akitakiwa kuandika upesi, mwandiko wote utavurugika na hakuna atakayejua sababu.

Hakuna namba inayoanzia chini, hata moja. Tena ni 4 na 5 tu zinazomtaka mtoto ainue kidole. Waimbishe njia: kwa 2, "zunguka kulia, teremka, lala." Kwa 5, "shuka shingo, zungusha tumbo, vaa kofia." Kofia ije mwisho, mtoto akianza na kofia, mara nyingi tumbo hugeukia upande usio wake. Namba 8 iache hadi zote nyingine zikae sawa, na usikubali iwe maduara mawili yaliyopandana. Anza juu, pinda kushoto, katiza katikati, pinda kulia chini, kisha panda urudi ulikotoka.

Kabla ya kidole, tumia mwili mzima. Kamba ya mita tatu ikilazwa chini kwa umbo la 3, mtoto akiitembea pekupeku kuanzia juu, mguu unajifunza njia kabla ya mkono. Kamba za wavuvi zinafaa sana, ila ipitishe yote mkononi kwanza kuhakikisha hakuna ndoana iliyobaki. Na kama uani kwenu kuna jiwe kubwa, kama ilivyo sehemu nyingi za Mwanza, basi una ubao wa bure. Kopo la maji na brashi ya kupakia rangi, au kipande cha katani kilichochambuliwa ncha, mtoto anaandika namba yenye urefu wa sentimita 30 ubavuni mwa jiwe. Weusi wa maji unaonekana wazi juu ya jiwe kavu, na jua la saa tano linaufuta kwa dakika chache, kwa hiyo hakuna kosa linalobaki likimsuta mtoto. Anaandika tena palepale. Waandike wakiwa wamesimama chini, wasipande. Jiwe lililolowa linateleza.

Jambo la mwisho kwako: ukiandika hewani mbele ya darasa, wape mgongo. Ukiwatazama usoni, 3 uliyoiandika vizuri wao wanaiona imegeuka.

Mwanangu ana miaka mitano na nusu. Namba 3 na 7 anaziandika zimegeuka, na jirani ananiambia nimpeleke hospitali. Shuleni amepewa adhabu ya kuandika 3 kurasa mbili nzima. Imezidi kuharibika. Nifanyeje?
*Mama, Nyegezi*

Pole, mama, na utulie. Katika umri huo kugeuza namba ni jambo la kawaida, na watoto wengi huendelea nalo hadi karibu miaka saba. Mtoto ameishi miaka mitano akijifunza kwamba kitu hakibadiliki jina kwa kugeuka. Mtumbwi ukielekea Ukerewe ni mtumbwi, ukirudi Mwanza ni mtumbwi uleule. Leo ghafla anaambiwa 3 ikitazama upande mwingine si 3 tena. Ni sheria mpya kabisa kwake. Akimaliza darasa la pili bado anageuza, na kusoma nako kunamshinda, hapo ndipo utafute ushauri.

Kurasa mbili za 3 zinaharibu kwa sababu unayoweza kuiona ukikaa kando yake. Namba mbili tatu za kwanza anazitazama kwenye mfano wa mwalimu. Kuanzia ya nne ananakili ile aliyoiandika mwenyewe, pamoja na kosa lake. Akichoka zaidi anaacha kabisa kuandika namba: anashuka ukurasa mzima akichora matumbo ya juu tu, kisha anarudi kuongeza ya chini. Mkono wake haujapita njia ya 3 hata mara moja. Ongea na mwalimu wake kwa upole, mkubaliane namba nne au tano kwa mara moja, kisha mtoto mwenyewe azungushie duara ile iliyo nzuri kuliko zote.

Nyumbani weka kizibo au nukta ya kijani mahali pa kuanzia. Namba 2, 3 na 7 zote zinaanzia kona ya juu kushoto, na mstari wa kwanza unakwenda kulia. Mtoto akianzia hapo na kuelekea kulia, 3 haina namna ya kugeuka. Usimwambie "umegeuza". Mwambie "anzia kwenye kizibo". Kuhusu vile vitabu vya kuunganisha vitone, havisaidii kama watu wanavyodhani, kwani mtoto anaruka kutoka kitone hadi kitone na mkono haupati mwendo. Mchoree barabara ya mistari miwili, upana sentimita 2, apite katikati yake kwa kidole na baadaye kwa penseli.

Watoto wangu wanachanganya 6 na 9, kwa kuandika na hata kwa kutaja. Namba nyingine hawazichanganyi hivyo. Kwa nini hizi?
*Mwalimu wa awali, Magu*

Kwa sababu zinawachanganya mara mbili, Mwalimu, jicho na sikio. Umbo la 6 ukilipindua unapata 9. Na majina yake yana sauti zilezile zilizobadilishana nafasi: si-ta, ti-sa. Watoto wako wanaozungumza Kisukuma nyumbani hawana mgongano huo kule, kwani itandatu na kenda hazifanani hata kidogo. Wanakutana nao kwa mara ya kwanza shuleni kwako.

Anza na sikio peke yake, bila kuandika chochote. Ukisema sita, waonyeshe mkono mzima na kidole kimoja. Ukisema tisa, wanyooshe vidole vyote kumi wakunje kimoja. Fanya hivyo kila asubuhi kwa dakika mbili hadi vidole viinuke bila kusitasita. Katika kuandika usizifundishe pamoja, wala usizibandike pamoja ukutani. Ifundishe 6 hadi ikae, pita 7, ndipo ufike 9; namba 8, kama tulivyosema, ije mwisho. Maneno ya njia yawe kinyume waziwazi: 6 ni "shuka kwanza, ndipo uzunguke", 9 ni "zunguka kwanza, ndipo ushuke".

Kadi za kupapasa zitakusaidia sana hapa. Kata katoni vipande vya sentimita 15 kwa 20, andika namba yenye urefu wa sentimita 12, na mstari wake uwe na unene wa sentimita 2. Gundi ni vijiko vitatu vya chakula vya unga wa muhogo kwa kikombe kimoja cha maji. Koroga kwanza na maji ya baridi usipate madonge, kisha pika moto mdogo hadi weupe upotee na uji uwe kama ute. Paka kwenye mstari, nyunyizia mchanga uliochekechwa, gandamiza kwa kiganja, anika nusu siku, kung'uta. Mchanga ukipukutika wote, gundi haikuiva. Pigia mstari mnene chini ya 6 na chini ya 9, halafu kata ncha ya juu ya kadi upande wa kulia, ili mtoto ajue kwa kushika tu kadi imesimama vipi. Zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, maana mende na panya wanaupenda muhogo huo kuliko mnavyofikiri.

Mjukuu wangu anaandika kwa mkono wa kushoto. Tumzoeshe wa kulia mapema?
*Babu, Sengerema*

Hapana, mzee wetu. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu, unaweza kumfundisha. Kuandika ni jambo lingine, ukimlazimisha unamrudisha nyuma bila faida. Akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane viwiko na jirani. Daftari lake liinamishwe, kichwa cha daftari kielekee kulia. Ashike penseli sentimita 3 hivi juu ya ncha ili aone anachoandika. Na mwombe mwalimu aweke namba ya mfano mwisho wa mstari, upande wa kulia. Ikiwa kushoto, mkono wa mtoto unaifunika na anabaki kubahatisha.

Nikisema kumi na mbili, nusu ya darasa wanaandika 102. Nimefuta na kusahihisha hadi nimechoka.
*Mwalimu wa darasa la kwanza, Igoma*

Wanaandika walichosikia, Mwalimu: kumi ni 10, halafu mbili ni 2. Kuwafutia hakuwaambii chochote. Kiswahili chenyewe kimeweka wazi kwamba ndani yake kuna kumi na kuna mbili, na wao wameelewa hivyo. Kinachobaki ni kuwaonyesha jinsi viwili hivyo vinavyokaa nyumba moja.

Kila mtoto akusanye vijiti au mabua 19, afunge 10 kwa uzi viwe kitita. Kumi na mbili ni kitita kimoja na vijiti viwili, akishike mkononi huku anataja. Kisha kata kadi za manila zenye urefu sawa: ya 10 iwe na upana wa sentimita 10, na za 1 hadi 9 ziwe na upana wa sentimita 5. Mtoto anaweka 10 chini, anachukua 2 anailaza juu ya sifuri. Inasomeka 12. Kadi zisipokatwa kwa rula zoezi linaharibika, kwani ukingo wa sifuri ukichungulia pembeni mtoto anauandika.

Fanyeni 11 hadi 19 kwa wiki nzima kabla ya kugusa 20. Hapo jihadharini, msaada wa lugha unakwisha: ndani ya ishirini mtoto hasikii mbili, wala ndani ya thelathini hasikii tatu. Ahesabu kwanza vitita viwili, aweke kadi ya 20, ndipo umpe jina. Kila anapofunika sifuri kwa kadi ndogo, muulize sifuri imekwenda wapi. Mwache ainue kadi achungulie mwenyewe.