Re: Tumehamia juzi na wife, tuanze na sofa au friji?

Hongera mkuu kwa kuhamia, ila mi naona vyote viwili bado mapema, ukishalipa kodi ya miezi sita kwa mpigo mfukoni unabaki na nini sasa. Sisi Mbagala tulianza na godoro chini, mtungi wa gesi wa kilo 6, ndoo mbili na mapazia, mapazia muhimu aisee majirani wana macho. Afu kama LUKU, yaani mita ya umeme, mnashea na wapangaji wengine kubalianeni mapema nani anatoa ngapi, mi nililipa miezi kibao sawa na jamaa mwenye friji na pasi ya kila asubuhi wakati sisi tuna taa mbili tu. Sofa mwache wife achague mwenyewe, ukileta sapraizi utasimangwa mpaka watoto wakue hahaa