Muulize Fundi: Boneti Imegoma Kufunguka

*Fundi, navuta kishikio cha boneti, ni kizito kama kawaida, lakini boneti haifyatuki. Nipo Tanga.*

Kama kishikio bado kizito mkononi, waya wako, ule unaotoka kwenye kishikio hadi kwenye kitasa cha boneti, ni mzima. Kilichokwama ni kitasa, kule mbele juu ya redieta. Grisi ikikauka na kushika vumbi, ndoana ya kitasa haiachii tena, na ninyi wa pwani mna chumvi ya bahari inayoleta kutu juu ya hayo. Tafuta mtu wa kukusaidia. Wewe vuta kishikio na ukishikilie hivyo hivyo. Mwenzako abonyeze boneti kwa viganja viwili, pale katikati mbele, kisha aachie ghafla. Rudieni mara kadhaa. Akibonyeza, boneti inaacha kuibana ndoana, nayo inapata nafasi ya kuteleza.

Ikifunguka, usiifunge kabla hujakisugua kitasa kwa brashi na mafuta mepesi, ukakipaka grisi mpya. Ni kazi ndogo sana. Huniuma kuona boneti nzima imekunjwa kwa nondo kwa sababu ya grisi kavu tu.

*Kwangu kishikio kinakuja chote, hakina uzito. Ndiyo waya umekatika?*

Umekatika, au umechomoka. Anzia ndani ya gari: inama, mulika tochi nyuma ya kishikio. Mara nyingi kilichovunjika ni plastiki ya kishikio chenyewe, na ncha ya waya bado ipo. Ibane kwa plaizi, uvute moja kwa moja bila kupinda.

Ncha ikiwa imezama ndani ya ganda lake, kazi inahamia nje. Hapo kwanza zima gari na utoe ufunguo, kwa sababu feni ya umeme ya redieta inaweza kuanza kuzunguka yenyewe injini ikiwa ya moto, nayo haina huruma na vidole. Magari mengi waya hupita ndani ya fenda: fungua ile plastiki iliyo juu ya tairi la mbele, utafute ganda la waya, ulichane, uvute waya uliobaki. Ikishindikana, pita kwenye matundu ya gili, ule wavu wa mbele ya gari, kwa bisibisi ndefu, usukume mkono wa kitasa. Na kama ni lazima uingie chini ya gari, tafadhali, usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi.

*Betri imekufa kabisa. Boneti itafunguka?*

Itafunguka. Magari mengi kishikio huvuta waya tu, umeme hauhusiki. Mlango ukigoma kwa rimoti, fungua kwa ufunguo wa chuma. Rimoti nyingi huwa umefichwa ndani yake.

*Boneti yangu sasa haishiki vizuri, inacheza. Gereji iko kilomita 40. Niende hivyo hivyo?*

Usiende, dada yangu. Hapo imeshikwa na ile ndoana ya pili ya usalama tu. Upepo wa barabara kuu ukiinyanyua, inapiga kioo cha mbele na huoni chochote.

Tazama kishikio cha ndani kwanza. Kama hakijarudi mahali pake, kitasa hakiwezi kushika. Kisukume kirudi, upulizie kitasa mafuta. Kisha achia boneti ianguke yenyewe kutoka kimo cha sentimita 30 hivi, halafu jaribu kuinyanyua kwa mkono. Ikicheza bado, mwite fundi aje hapo ulipo.