Kofia nne za Mutrah

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja wazima, mguu wa baba yako umepungua uvimbe na anakusalimu sana. Nimeona nikuandikie badala ya kukurekodia sauti, maana jambo lenyewe refu, na nikilisema kwa mdomo nitalia kabla sijafika mwisho.

Umeniuliza hivi: umetimiza miaka 2 Eindhoven, mumeo kila asubuhi anakwenda Veldhoven kwenye mashine zake za kutengeneza chipu za kompyuta, wewe umebaki na meza ya jikoni na rangi zako, na kanga ulizouza hazifiki 10. Je, uendelee kuchora, au uweke brashi kando uingie kazi ya ghala kama wenzako, ili mwisho wa mwezi nawe uwe na chako?

Nimelisoma swali hilo mara nyingi. Lakini kilichoninyima usingizi ni mstari mmoja ulioupitisha katikati kama habari ya hali ya hewa: kwamba kuna duka hapo mjini limechukua kanga zako 6, limezitundika dirishani, na mwenye duka amesema bei mtazungumza baadaye. Baadaye lini, mwanangu?

Unajua nitakalosema. Umelisikia tangu ulipokuwa ukikaa chini ya cherehani ya bibi yako ukiokota vipande: kazi isiyotajwa bei ni sadaka. Kaka zako walikuwa wakinidakia maneno kabla sijamaliza. Lakini lilikotoka neno hilo sijapata kukuhadithia, kwa sababu baba yako hapendi nilihadithie. Leo ameridhia. Amesema, "Mwandikie."

Habari za Maskati unazijua, za chumba cha Ruwi na za kaka yako mkubwa kuzaliwa kule. Tulikwenda 1986, baba yako alipopata kazi bandarini. Viza yangu ilikuwa ya mke kumfuata mume, kuajiriwa sikuruhusiwa. Nilikuwa na miaka 23, nimetoka nyumba ya watu 11, nikawekwa chumbani na kiyoyozi kinachonguruma mchana kutwa. Lugha haikunipa taabu. Watu wengi waliozaliwa Unguja walikuwa wamehamia kule tangu Sultan Qaboos wa Oman alipotwaa nchi 1970, na mara nyingi niliingia dukani na Kiarabu changu kibovu nikajibiwa kwa Kiswahili cha Ng'ambo. Kwa hiyo nilikuwa mpweke mahali ambapo watu wananielewa, na hilo sikuweza kumweleza mtu. Naona na wewe unalijua, ingawa kwako lugha pia ni mlima.

Nikarudi kwenye sindano. Wanaume wa Oman huvaa kofia iliyodariziwa, wao huiita kumma, na ukiiangalia ni ndugu ya kofia zetu za viua. Nilinunua bafta nyeupe, nikachora maua kwa kalamu ya risasi, nikatoboa tundu ndogo kuliko punje za ulezi na kuizungushia uzi kila moja, mpaka ncha ya kidole ikawa ngumu kama kwato. Kofia moja ilinichukua mwezi na ushei. Nilishona nne. Jirani akanipeleka soko la Mutrah kwa mwenye duka mmoja, mtu mpole, akazigeuzageuza akasema, "Ziache, dada. Zikiuzika tutaelewana." Nikaziacha. Niliona haya kutaja bei. Nilidhani fundi akitaja pesa anaishusha kazi yake, na nilidhani pesa ni shughuli ya baba yako.

Siku ya Idi baba yako akaja na mgeni, mwenzake wa bandarini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika sinia la haluwa na kahawa. Mgeni akavua kofia kwa joto, akaiweka juu ya mto, imegeuka ndani nje. Nikaiona kofia yangu. Kwenye ua la tatu uzi uliniishia, nikaendelea na uzi mwingine mweupe unaoelekea rangi ya maziwa. Ukiwa si mshonaji huwezi kuona. Baba yako akaisifu kofia, kwa adabu tu. Mgeni akajibu kwa furaha kwamba ameinunua Mutrah kwa riali 25, na muuzaji amemwambia ni kazi ya bibi mmoja wa Nizwa.

Wa Nizwa, mji wa bara kule Oman, mwanangu. Mimi nimesimama pale na sinia, vidole vyangu bado vina matundu ya sindano.

Baba yako akaelewa. Nilimwona kupitia pazia, akaangalia kofia, akaangalia nilipo, kisha akainamisha macho na kumwuliza mgeni habari za meli. Hakusema, "Hii ni kazi ya mke wangu." Miaka yote hii imepita na bado nikisikia harufu ya haluwa yenye zafarani naikumbuka ile kimya. Juzi nilipomwuliza kwa nini, alisema aliogopa kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kazi. Pengine ni kweli. Nimemsamehe, lakini kusamehe hakufuti.

Nilikwenda dukani, nikapewa riali 12 kwa zote nne. Nikazipokea.

Nisimdhulumu yule mtu. Duka lake, kodi yake, mteja wake. Mimi nisingempata mnunuzi wa riali 25 nikiwa nimejifungia Ruwi. Na huyo wa kwako labda ni mwema, na dirisha nalo lina faida yake. Kila Oktoba mji wenu hujaa watu wa wiki ile ya usanifu, na mmoja akipita akasimama mbele ya kanga zako, si haba. Nalijua hilo. Wala sadaka si jambo baya. Kofia nzuri kuliko zote nilizopata kushona ni ya harusi ya mjomba wako, sikuchukua hata senti, na nikiiona kichwani mwake moyo wangu unatulia. Lakini sadaka ina nia. Ile niliinuia. Zile nne sikuzinuia, na zako 6 sidhani kama umezinuia.

Kofia ya tano sikuitoa mfukoni kabla ya kusema bei. Mama mmoja alitaka ya mwanawe. Nikasema 18, sauti inatetemeka. Akahesabu 18 akaniwekea mkononi, hakupunguza hata baisa. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa furaha, juani. Hizo ndizo zilizoanzisha bangili uliyovaa siku ya ndoa yako.

Uliniambia kwamba kwa treni dakika 10 kutoka kwako, pale Helmond, kuna kiwanda cha Vlisco kinachochapa vitambaa tangu 1846, na kwamba zamani kilichapa hata kanga za kuletwa pwani yetu. Nimelifikiria sana. Mabibi zetu walijifunga kanga zilizochapwa na mikono ambayo haikupata kuiona Unguja, na kila korija ilishuka melini na bei yake. Sasa wewe umekwenda na kanga hukohuko zilikotoka, unaziacha dirishani bila bei! Na wewe kibali chako kinakuruhusu kazi, hata ya kujiajiri. Umejiandikisha, una namba yako ya biashara, unaweza kuandika risiti yenye jina lako. Mimi nilikuwa na uzi wa rangi ya maziwa tu.

Ghala sasa. Ni kazi ya halali. Bibi yako alichuma karafuu mchana na kushona usiku, na hakuna aliyesema si fundi. Lakini alikuwa akisinzia na sindano mkononi, nilimwona. Nikisema nenda, nitakuwa nimekupeleka kwenye usingizi ule. Nikisema usiende, sitakuwa mimi wa kumwomba mumeo pesa ya rangi. Ulimi unaniwasha, wallahi, na jibu ninalo. Nitaliweka kwangu mpaka uwe umekwenda kwenye duka lile, umesimama mbele ya mtu huyo, ukasema tarakimu.

Na ile picha ya kanga mpya uliyonitumia, pindo la mikarafuu na mji wenye jahazi, mbona mahali pa jina, yale maneno ya kanga, pako wazi? Umesema hujui uandike Kiswahili au Kiholanzi. Hukuniuliza hilo, ila naliona kila nikifungua simu.

Kofia ya mkwe wangu imefika nusu. Nipimie kichwa chake kwa utepe, juu kidogo ya masikio, unitumie kipimo. Na hiyo tarakimu niandikie siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku.

Mama yako