Kila nikiwasha upya seva, DNS inarudi 127.0.0.53

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia seva ya Ubuntu 22.04 ofisini, inapata anwani yake kwa DHCP (yaani inagawiwa na ruta). Tuna DNS yetu ya ndani, 192.168.10.5, inayojua majina ya mashine zetu. Nikiiandika kwenye /etc/resolv.conf mambo yanakwenda, lakini nikiwasha upya naikuta 127.0.0.53. Mwenzangu ananishauri nilifunge faili kwa chattr +i. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usifunge kitu kwanza. Piga `ls -l /etc/resolv.conf` utaona kwamba hilo ni kiungo tu, kinaelekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf. Na /run yote hukaa kwenye RAM, seva ikizimwa kila kilichomo kimekwenda. Umekuwa ukiandika kwenye mchanga wa pwani, maji yakijaa yanafuta. Mwenye faili hilo ni systemd-resolved (kwa kifupi resolved), huduma ya mfumo inayotafuta anwani za majina, na mistari ya juu kabisa ndani yake inaonya lisihaririwe (sote huiruka).

Hiyo 127.0.0.53 yenyewe si kosa. Ni resolved inasikiliza humo humo ndani ya mashine, inapokea maulizo ya programu na kuyapeleka kwa DNS iliyoelekezwa. Kilichobaki ni kuielekeza, na kwenye Ubuntu ya seva hilo hupitia Netplan, chombo cha kupanga mtandao.

Angalia jina la kadi yako ya mtandao kwa `ip a`. Tuseme ni enp3s0. Tengeneza faili jipya, /etc/netplan/60-dns.yaml:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: true
      dhcp4-overrides:
        use-dns: false
      nameservers:
        addresses: [192.168.10.5]
```

Tumia nafasi, kamwe usitumie tabu. Nasema faili jipya kwa sababu 50-cloud-init.yaml, ukilikuta humo, lina mwenyewe pia: cloud-init, programu inayoiandaa seva inapowashwa, inaweza kuliandika upya. Netplan husoma mafaili yote kwa mpangilio wa majina na kuyaunganisha, kwa hiyo lako la 60 litaongezea juu ya la 50. Mstari wa use-dns ndio wengi husahau. Bila huo, DNS inayogawiwa na ruta kwa DHCP inabaki pamoja na yako.

Utashawishika kuongeza 8.8.8.8, DNS ya Google, "kwa dharura". Mimi nisingeiweka. Ya ndani ikikwama kidogo, resolved huhamia ya pili na kuendelea nayo, na Google haijui printa ya ofisini kwenu. Kama mnataka akiba, simamisheni DNS ya pili ya ndani.

Sasa `sudo chmod 600` kwenye faili hilo (ili root, msimamizi mkuu, pekee alisome na kuliandika), kisha `sudo netplan try`. Usikimbilie `netplan apply`, inayotekeleza moja kwa moja, hasa kama umeingia kutoka mbali kwa SSH: try inakupa sekunde 120, usipobonyeza Enter inarudisha mipangilio ya zamani. Thibitisha kwa `resolvectl status enp3s0`.

Kuhusu chattr: niliwahi kuitumia kwenye seva moja, nikasahau. Mtandao ulipobadilishwa baadaye nilipoteza nusu siku nikiulizana na faili lisilokubali kuandikwa hata na root.

Kama ulishafuta kile kiungo na kuweka faili la kawaida, kirudishe: `sudo ln -sf ../run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf`.