Siti skani ilikuwa safi, kichwa changu ndo hakikuwa

Jana usiku dada mmoja kaniandikia, mdogo wake kaanguka na bodaboda wiki iliyopita, siti skani (ile picha ya mashine ya ndani ya kichwa) imetoka safi ila kijana hawezi kusoma, mwanga unamkera, analala mchana kutwa. Anauliza kama anadeka. Nikaweka simu chini kwanza, maana hilo neno kudeka nimelisikia sana mwaka juzi.

Mimi niliangukia Mbezi, boda ilikuwa inakwepa shimo, na helmeti kaivaa dereva peke yake. Kuanguka kwenyewe sikumbuki. Mke wangu anasema njia nzima nilikuwa namuuliza "simu yangu iko wapi" na simu nimeishika mkononi. Hospitali nikatapika mara mbili, hapo ndo daktari akaandika skani bila maneno mengi. Sio kila aliyejigonga anapigwa ile mashine, kuna vigezo, vinavyojulikana sana vilitoka Kanada mwaka 2001: kutapika mara mbili au zaidi, umri miaka 65 kwenda juu, akili kutokaa sawa baada ya saa mbili, dalili za fuvu kuvunjika, na vingine. Ina mionzi ile, kwahiyo ukipimwa vizuri ukaambiwa huhitaji, usigombane na daktari.

Dakika chache tu, majibu yakaja: hakuna damu, fuvu zima. Mke akalia kwa furaha, mimi nikajiona nimepona, siku ya tatu nipo ofisini. Weee! Risiti ya 45,000 naiingiza 54,000, nafuta, naandika tena 54,000. Bosi akachukua karatasi yangu ya majibu akaisoma mbele ya watu, "hapa wameandika kawaida, sasa unaumwa nini?" Wakacheka. Waliocheka nawakumbuka wote.

Sasa nisikilizeni. Siti skani inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, yale ya kukimbizwa chumba cha upasuaji. Mtikisiko wa ubongo, huu ulionipata mimi, ni ubongo kuvurugika utendaji wake, picha haiuoni, hata MRI (ile picha ya sumaku) mara nyingi inatoka safi. Kwahiyo "safi" maana yake leo hupasuliwi, basi. Mwenye mtikisiko apumzike siku moja mbili za mwanzo, simu na TV apunguze, halafu arudi kwenye shughuli kidogokidogo, akizidiwa apunguze tena. Mpira asiguse mpaka apone, kugonga kichwa mara ya pili kabla hakijapona ni hatari kweli. Wengi wanakaa sawa ndani ya wiki chache, mimi ilinichukua miezi mitatu na nadhani ni kwa ubishi wangu.

Ila pia msijisahau. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika tena, degedege, usingizi wa kuamshwa haamki, mboni moja kubwa kuliko nyingine, maji maangavu yanatoka puani au sikioni, mkono unalegea, rudini usiku huohuo. Na wazee wetu, hasa wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuvuja polepole ikaja kujionyesha wiki kadhaa baadae, halafu unamkuta mtu anasema "si tulishapiga skani". Mlipiga siku ile jamani!

Dada, mdogo wako hadeki. Mwonyeshe na hii.

Yule bosi mwezi uliopita kanipigia, mwanae kagongana kichwa na mwenzie mpirani, majibu safi ila mtoto hayuko sawa, afanyeje. Nikamweleza nusu saa nzima. Samahani hakuomba.