Kizunguzungu baada ya kuzama Dunga

Ndugu yangu, umesema ulizama mita tatu hivi pale Dunga kutafuta nanga iliyokatika, ukiwa na mafua, na sasa, siku ya tisa, sikio la kulia limeziba, linavuma, na dunia inakuzunguka kila unapoinama kufunga viatu. Usidhani kina kidogo hakidhuru. Hewa ya sikioni hubanwa zaidi katika mita zile za kwanza, na mafua yakiwa yameziba mrija unaounganisha sikio na koo, kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba inayotetemeka kwa sauti, huvutwa ndani, na pengine hata sikio la ndani hujeruhiwa.

Kuziba pekee aghalabu hupona kwenyewe, lakini kizunguzungu pamoja na mvumo ni jambo jingine; kwa hiyo nakusihi uende leo kwa daktari wa masikio, pua na koo, umwombe akupime na usikivu, kwa maana usikivu ukianza kupotea, kuchelewa kunaweza kuufanya usirudi. Kabla ya hapo usipenge kamasi kwa nguvu, usizibe pua na kupuliza, usinyanyue mizigo mizito, wala usikubali kutiwa mafuta ya moto sikioni, hata kama anayekushauri ni mama mzazi. Majini usirudi mpaka daktari akuruhusu.